Mashine Isiyopiga Hodi

Kebo alimwibia Mama Lenzi barabara kumi na mbili, na wala hakutoka jasho.

Barabara zenyewe hazikuwa za lami wala za vumbi. Zilikuwa za gemu la magari, zile zinazotolewa baadaye, gemu likishazoeleka na watu wameanza kupiga miayo. Diski unayo, gari unalo, lakini barabara mpya hazimo kwenye diski. Lazima zishushwe kutoka mtandaoni, na ni nzito kama magunia ya saruji. Mwenye intaneti ya uhakika nyumbani anabonyeza, anakwenda kuoga, akirudi zimeshaingia. Mama Lenzi alikuwa na bando la simu tu, bando lililokohoa kila wingu likipita. Alijaribu mara moja. Siku ya tatu mashine yake ya gemu ilimwambia amefika asilimia tisa. Siku ya nne ikamwambia kuna hitilafu, aanze upya.

"Hapo konokono angekuwa ameshafika na kurudi," mumewe alimwambia.

Ndiyo maana mtaa mzima ulibeba mashine zake kwenda kwa Kebo. Jina hilo alilipata kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na waya wa mtandao ulioingia mpaka ndani. Ukumbi wake wa gemu ulikuwa chini ya ghorofa la maduka, mahali palipokuwa stoo ya mbao zamani: ngazi kumi na moja za kushuka, taa za mirija, viti vya plastiki, mashine nne ukutani, na ya tano yenye skrini kubwa imewekwa mbele peke yake kama bibi harusi. Utaratibu ulijulikana. Unaifunga mashine yako kwenye taulo, unaiacha kwa Kebo asubuhi, jioni unaifuata imeshiba. Unampa neno lako la siri, unampa namba zako, yeye anabonyeza kila kitu. Wengi hawakujua pa kubonyeza, na waliojua waliona haya kusimama nyuma ya mtu wakimchungulia, maana ukimuudhi mwenye mtandao utakwenda kushushia wapi?

Kosa lilikuwa hapo, na Mama Lenzi alilifanya kama wenzake wote, pamoja na stashahada yake na macho yake ya mwewe.

Macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Alikuwa fundi wa miwani. Kutwa alikaa chumba cha nyuma cha duka la miwani na jiwe la kusagia, taa ya shingo ndefu na kikopo cha skrubu ndogo kuliko punje za mtama, akichonga lenzi zikae kwenye fremu bila kulegea wala kubana. Gemu alianza kulicheza wakati binti yake yuko sekondari, ili ajue mtoto anapotelea wapi kila akimaliza kula. Binti akakua, akapata kazi mji wa mbali, akaondoka. Gemu likabaki na mama.

"Wenzio wana bustani za mboga," shoga zake walimtania, "wewe una gari lisilobeba hata kiroba cha mkaa."

"Lakini halili mafuta," aliwajibu.

Binti alipopata mshahara wake wa kwanza, hakumtumia mama yake kitambaa wala viatu. Alimtumia namba ya kufungulia zile barabara kumi na mbili. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: namba, na chini yake maneno, "Mama, hizi ni zako, mimi naona wivu tu." Mama Lenzi aliusoma akiwa kazini, akausoma akiwa njiani, akausoma akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Namba kama hiyo ni kama tiketi, ikishachanwa haipandiwi tena. Aliinakili kwenye karatasi kwa mwandiko wake ulionyooka, akaikabidhi kwa Kebo pamoja na mashine.

Jioni mashine ilirudi, barabara zote zimo. Alicheza siku kumi roho yake nyeupe. Kulikuwa na moja iliyozunguka mlima wenye ukungu, ya saba kwenye orodha, na hiyo aliipenda kuliko zote kwa sababu ilimtaka mtu avumilie.

Jumapili moja alikuwa akitafuta namna ya kupunguza mwanga wa skrini. Akapotea njia, akaangukia ukurasa ambao hakuna mtu anayeufungua. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Lakini huyu ni mtu aliyezoea kusoma alama zilizochorwa pembeni mwa lenzi, alama ambazo mteja huvaa miaka mitano bila kujua kama zipo. Akasogea, akasoma. Barabara za nyongeza, kumi na mbili. Mwenye mali: KEBO BINGWA. Mashine ya nyumbani ya KEBO BINGWA: hii hapa.

Akaenda kunawa uso. Akarudi, akasoma tena, na safari hii hakuruka hata mstari mmoja, mpaka ujanja wote ukawa peupe.

Kebo hakuiingiza ile namba kwenye akaunti ya Mama Lenzi. Aliiingiza kwenye akaunti yake mwenyewe. Kisha, ili mwenye mali asishtuke, akaiandikisha mashine ya mama wa watu kuwa ndiyo mashine ya nyumbani ya akaunti hiyo, barabara zifunguke kwake bila kuulizwa jambo. Naye kule ukumbini akawa anazifungua kwenye skrini kubwa, watu wanapanga foleni. Tiketi moja, abiria wawili, na aliyekatiwa ndiye aliyesimama.

Alishuka zile ngazi siku ileile, taulo la jikoni bado liko begani.

"Kebo, namba niliyokupa uliiweka wapi?"

"Namba ipi tena, mama yangu?" Kebo hakugeuka. Alikuwa akifuta pedi za kuchezea kwa kitambaa.

"Ya barabara. Imeandikwa jina lako."

Hapo akageuka. Akatazama huku na huku, akaona ukumbi umejaa, akaona afadhali acheke. "Kwani zinacheza hazichezi?"

"Zinacheza."

"Sasa ugomvi uko wapi? Jamani, mtu kapakuliwa chakula, kala, kashiba, anauliza sufuria ni ya nani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Refa, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua mashindano yote ya pale, alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti.

"Nauliza kwa sababu sufuria ni yangu," Mama Lenzi alisema.

"Mama, nakuheshimu sana. Haya mambo ya akaunti yana kina. Nenda kwenye miwani yako, na ukiona vibaya, si utajipima mwenyewe?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Alisubiri kiishe. "Ile namba mwanangu aliitoa kwenye mshahara wake wa kwanza."

"Hongera zake! Basi mwambie atume nyingine, si kazi anayo?"

Mama Lenzi aligeuka. Alipanda ngazi moja moja, kumi na moja zote, na kila ngazi kilimfuata kicheko. Alipofika juu palipo na jua alikuwa ameshajua anachokitaka. Hakutaka kulipwa. Hakutaka namba nyingine. Alitaka Kebo, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu walewale, chini ya taa zilezile, atamke neno moja: niliiba. Mpaka siku hiyo, kila akicheza zile barabara angekuwa anaendesha kwenye uwanja wa mwizi.

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa taratibu, mwenye madoa meupe kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Achana naye, mke wangu. Gemu ni gemu."

"Gemu ni gemu. Wizi je?"

"Wizi ni wizi. Lakini wewe ukimkalia mtu kooni, hushuki."

"Sishuki," alikubali.

Wiki hiyohiyo, kama mambo yaliyopangwa, agizo la miwani ya Kebo likatua mezani pake. Alikuwa amepimwa na daktari wa macho wa pale dukani, lenzi zimefika, zinangoja kuchongwa. Jioni alimsimulia mumewe, naye akacheka mpaka akapaliwa na chai.

"Msagie upande! Aone ngazi mbili mbili, ajikwae kila akishuka!"

"Kazi yangu siichezei," Mama Lenzi alijibu. "Na siku hiyo nataka anione vizuri."

Alizichonga lenzi za Kebo kwa uangalifu ambao hata mkuu wake aliustaajabia. Akazifuta, akaziweka kwenye kijaluba, akaandika jina kwa mwandiko ulionyooka.

Njia alikuwa nayo tayari, ila hakujua lini. Ule ukurasa wa mayai ya chawa ulimfundisha kitu ambacho Kebo mwenyewe hakuwahi kujisumbua kukisoma. Mashine ya nyumbani hufungua barabara hata kama mtandao haupo kabisa. Mashine nyingine yoyote ya akaunti hiyo, kila inapowashwa, lazima kwanza ipige hodi mtandaoni ipewe ruhusa. Hodi isipoitikiwa, barabara zinabaki na kufuli. Mama Lenzi alizima simu, akawasha mashine yake, barabara zote zikafunguka. Maana yake ile skrini kubwa ya ukumbini ilikuwa mgeni anayebisha hodi kila siku, na mwenyeji alikuwa ni yeye, hapa, na bando lake linalokohoa. Kebo angeweza kuligeuza jambo hilo kwa dakika moja, mtandao ukiwepo. Hakuligeuza kwa sababu kwake mtandao haukuwahi kukatika, na mtu aliyeshiba huwa hakagui ghala.

Siku yenyewe aliletewa na fundi wa nguzo za mtandao. Alikuja dukani kuchukua miwani ya kusomea, mtu mzima mwenye viganja vigumu kama magome, amechoka kuunganisha nyaya kwa kubahatisha. Mama Lenzi alimkalisha kwenye kiti, akamnyoosha mikono ya fremu, akamwekea gazeti mbele.

"Soma hapo, kaka."

"Alaa! Kumbe herufi ndiyo hizi! Dada, umenirudisha ujana." Akageuza gazeti, akasoma na bei za mabati. "Tena umeniwahi. Jumamosi ijayo tunabadilisha nguzo za mtandao mtaa wenu wote. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni hakuna kitu."

"Hata wenye waya wa ndani?"

"Wa ndani, wa nje, wote. Hata mnara wa simu unanyonya kwenye waya huohuo. Simu zitapiga kwa shida, lakini mtandao, sahau."

"Mmewatangazia watu?"

"Tumebandika karatasi kwenye kila nguzo."

"Nani husoma nguzo?" Mama Lenzi alisema.

Fundi wa nguzo akacheka. Hakujua anacheka nini.

Mtaani habari iliyokuwa ikichemka ni mashindano. Kebo alikuwa amewaalika wachezaji wa mtaa wa pili, ambao nao walikuwa na ukumbi wao lakini hawakuwa na barabara mpya. Alikuwa ameshatapakaza kila mahali kwamba wakija watazionea kwake, ndipo wajue mtandao ni nini. Lililobaki lilikuwa siku. Refa alitaka Jumapili, kwa sababu Jumamosi bucha huwa imejaa watu. Kebo alikuwa anayumba.

Mama Lenzi alishuka ngazi na tabasamu.

"Nimekuja tuyamalize," alisema. "Watu wa mtaa mmoja hatuwezi kununiana kwa sababu ya gemu."

Kebo alivimba kama andazi. Miwani mipya ilikuwa puani, inang'aa. "Unaona sasa! Mama, mimi sina kinyongo. Na miwani umeitengeneza, jamani, naona mpaka vumbi!"

"Niandike kwenye mashindano."

"Mama Lenzi ndani!" Kebo aliwapigia kelele waliokuwepo. "Mwekeeni mto kwenye kiti!" Watu wakacheka, naye akacheka nao.

"Ila msifanye Jumapili," alisema akiwa ameshageuka kuondoka. "Jumapili watu wana wageni, wanafua, wamelala. Nani atakuja? Mkitaka kujaza ukumbi fanyeni Jumamosi. Refa ana msaidizi pale buchani, au nyama haiwezi kukatwa na mwingine?"

"Si unaona?" Kebo alimwambia Refa. "Hata yeye anajua biashara. Jumamosi, saa nne."

Alipanda ngazi tena. Nje, kwenye nguzo iliyokuwa hatua tatu kutoka mlango wa ukumbi, karatasi ya tangazo ilikuwa imebandikwa, kona moja imebanduka inapigwa na upepo. Aliikandamiza kwa kidole gumba ikakaa vizuri. Asije mtu akasema hawakutangaziwa.

Jumamosi alifua mapema, akaanika. Akakaa sebuleni, mashine iko kwenye meza yake, nyaya zimekunjwa pembeni. Mumewe alikuwa uani akilowesha brashi, anamtupia jicho.

"Huendi? Saa nne hiyo."

"Nangoja kuitwa."

Saa tano kasoro mlango ukagongwa. Alikuwa Refa, anahema, aproni ya bucha bado iko kiunoni.

"Mama Lenzi, njoo na mashine yako, haraka! Wageni wamejaa mpaka kwenye ngazi, watu arobaini na zaidi. Kebo kawasha ile kubwa, barabara zote mpya zimewekwa kufuli. Makufuli kumi na mawili, yamejipanga kama meno! Mtandao hakuna. Tumejaribu simu, tumepanda mpaka juu ya paa la ghorofa, hakuna. Wale wa mtaa wa pili wameanza kutuimbia. Mimi nikakumbuka, si ulisema kwako zinacheza?"

"Nilisema."

"Basi twende!"

"Mwenye shida ni nani, Refa?"

"Kebo."

"Kebo ana miguu."

Refa akamtazama mume, mume akatazama brashi zake. Refa akaondoka mbio, aproni ikipepea.

Haikupita robo saa, Kebo mwenyewe alikuwa mlangoni. Shati limeganda mgongoni. Miwani imejaa ukungu wa jasho, akaivua, akaifuta kwa pindo la shati.

"Usifutie shati, utaikwaruza," Mama Lenzi alimwambia. "Nilikuwekea kitambaa kwenye kijaluba."

"Mama, nakuomba. Nisaidie mashine saa moja tu. Saa moja. Nitakuacha ucheze bure ukumbini mwaka mzima."

"Nina ya kwangu, nicheze kwako nini?"

"Basi nitakununulia namba nyingine. Leo hii, mtandao ukirudi."

"Si nilikuja kwako na namba? Ukaniambia mwanangu atume nyingine."

Kebo aliivaa miwani tena. "Yale yalikuwa maneno ya utani, mama."

"Nami nilicheka?"

Uani maji ya kuoshea brashi yaliacha kumwagika.

"Unataka nini?" Kebo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nataka useme ulichofanya. Pale pale. Waliocheka wote wasikie."

"Mbele ya wageni? Unataka kuniaibisha!"

"Aibu umeitengeneza mwenyewe, mimi nakuomba uisome kwa sauti tu. Ukisema, nitaiwasha mashine. Usiposema, nguo zangu bado zinakauka, sina haraka."

Walikwenda wote watatu, Kebo mbele, Mama Lenzi na mashine kifuani imefungwa kwenye taulo, mume nyuma amebeba nyaya, madoa yake meupe kwenye nyusi. Ngazini watu walijibana ukutani wakawapisha. Chini palikuwa na joto la miili na harufu ya nywele zilizolowa jasho. Kwenye skrini kubwa yale makufuli kumi na mawili yalikuwa bado yamejipanga. Mtu akapiga mluzi. "Waokozi wamefika!"

Mama Lenzi aliiweka mashine mezani. Hakufungua taulo.

"Jamani," Kebo alianza, "samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kosa dogo kidogo. Kwenye kuingiza namba, akaunti zikachanganyikana..."

Mama Lenzi aliipakata mashine tena.

"Ngoja! Ngoja, mama." Kebo akapangusa midomo. Alitazama sakafu, kisha, labda kwa sababu ya zile lenzi zilizochongwa vizuri, akainua macho, akaona uso wa kila mtu mmoja mmoja. "Mama huyu alinipa namba yake nimshushie barabara. Nikaitia kwenye akaunti yangu. Hizi mnazochezaga hapa ni zake."

"Malizia," Mama Lenzi alisema.

"Niliiba."

Hakuna aliyecheka. Refa alikuwa akitazama miguu ya meza. Kisha kutoka nyuma, miongoni mwa wale wa mtaa wa pili, ikatoka sauti: "Kumbe sufuria si yako, bwana!" Maana utani mzuri huvuka barabara peke yake. Ukumbi ukalipuka. Walicheka wageni, wakacheka wenyeji, na wale wenyeji walicheka kwa nguvu zaidi, kama watu wanaotaka ionekane hawakuwahi kucheka upande mwingine.

Mama Lenzi alifungua taulo. Akaunganisha mashine kwenye skrini kubwa, akaiwasha. Barabara kumi na mbili zikatokea, hakuna hata kufuli. Akakaa kwenye kile kiti chenye mto, akachagua ya saba, ile ya mlima wenye ukungu, akaiendesha peke yake mwanzo hadi mwisho. Dakika sita. Watu arobaini walisimama nyuma yake wakinong'ona kila kona, "Kata sasa, kata," naye akikata pale anapotaka yeye. Alipovuka mstari, walipiga makofi.

Akazima mashine. Akachomoa waya. Akaanza kuifunga kwenye taulo.

"Mama?" Kebo alisema. "Mama, vipi? Mashindano ndiyo kwanza..."

"Nilisema nitaiwasha. Nimeiwasha."

"Si nimesema ulivyotaka!"

"Umesema. Nami nimesikia." Alifunga fundo. "Mimi sikuahidi mashindano, nilidai sufuria yangu. Sufuria naondoka nayo."

Refa alimsogelea, akanong'ona, "Mama, umeshinda tayari. Mwachie basi, wageni wamekuja kwa miguu."

Aliwatazama wageni. Kulikuwa na dada mmoja mbele, amekuja na pedi yake mwenyewe kaifunga kwenye kitambaa kwa upendo, na yule dada hakuwa amemwibia mtu kitu. Mama Lenzi aliliona hilo vizuri. Likamchoma kidogo, akapanda nalo ngazi.

Nyuma yake viti vya plastiki vilianza kukwaruza sakafu. Watu walikuwa wanaondoka.

Nyumbani mumewe alirudisha kwanza nyaya mahali pake.

"Saa kumi na moja mtandao utarudi," alisema. "Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuiondoa mashine yako kwenye akaunti yake. Barabara zitakwenda."

"Ataiondoa kule kwake. Huku habari zitafikaje?"

Mume alifikiri. Taratibu uso wake ukafunguka. "Mpaka iunganishwe na mtandao."

"Mpaka iunganishwe."

"Kwa hiyo usipounganisha hata siku moja, haitajua kwamba imefukuzwa."

"Ndiyo."

"Na binti akituma nyongeza nyingine? Utazishushaje?"

Mama Lenzi alikunja taulo. Aliufikiria ule ujumbe mfupi, na mwingine ambao labda ungekuja mwakani, au mwezi ujao, na sauti ya binti yake kwenye simu akiuliza, umezipata, mama? Ndicho kitu ambacho Kebo hakukijua, kwamba yeye Kebo alikuwa bado ameshika ncha moja ya kamba.

"Nitamwambia anitumie viatu," alisema.

Akawasha mashine, akaingia kule kwenye maandishi madogo, akatafuta mahali palipohifadhi jina la simu yake na bando lake linalokohoa. Akachagua kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, ikamwonya kwamba hataweza tena kupokea chochote kutoka nje. Alibonyeza kabla hajamaliza kusoma, yeye ambaye huwa anasoma kila kitu.